THC ni ileile, mbona chupa moja inatuliza na nyingine inatia wasiwasi?

Swali hili tunaulizwa kaunta karibu kila siku kwenye duka letu la bangi ya tiba hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mgonjwa ananunua kichupa cha maua ya bangi chenye THC, kemikali inayolevya, asilimia 20, maumivu ya mgongo yanapoa na analala fofofo. Wiki inayofuata anachukua kingine chenye namba ileile, moyo unamwenda mbio na anakesha macho makavu. Akirudi dukani anashuku kwamba lebo imemdanganya. Lebo haina kosa, ila ile namba kubwa ni sehemu ndogo tu ya habari.

Utomvu wa bangi hutengenezwa kwenye vinywele vidogo vinavyong'aa juu ya maua, na humo mna makundi mawili ya kemikali yanayotuhusu. La kwanza ni kanabinoidi, na maarufu kati yake ni THC na CBD, ambayo hailevyi. Hizo hazina harufu. Sehemu kubwa ya harufu unayoisikia ukifungua kifuniko inatokana na kundi la pili, terpini, ambazo kwa kawaida ni kama asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa ua kavu. Wala si mali ya bangi peke yake. Limonini imo kwenye ganda la chungwa, mirsini kwenye embe na mchaichai, linaloli kwenye mrehani. Kariofilini imo kwenye pilipili manga na karafuu, kwa hiyo aliyekulia Pemba, karafuu zikianikwa kwenye mikeka nje ya nyumba, ameivuta tangu utotoni.

THC hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za chembe zinazopokea ujumbe, viitwavyo CB1, ambavyo vimejaa ubongoni. Ndiyo maana inapunguza maumivu, na ndiyo maana inalevya. Kariofilini nayo ina njia yake. Mwaka 2008 mtafiti Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba inashika vipokezi vya CB2, ambavyo vingi viko kwenye chembe za kinga ya mwili, kwa hiyo hailevyi. Kati ya terpini zote tunazozitaja dukani, hii ndiyo ambayo njia yake imeeleweka vizuri zaidi.

Nyingine zina ubishi. Utasikia wauzaji wakisema kemikali zote za mmea hufanya kazi kama msafara mmoja, na kwamba THC peke yake ni dhaifu. Wazo hilo lilianza mwaka 1998 kwa watafiti Shimon Ben-Shabat, Raphael Mechoulam na wenzao, lakini wao walikuwa wanazungumzia mafuta yanayotengenezwa na mwili wenyewe. Aliyelihamishia kwa nguvu kwenye terpini ni Ethan Russo, katika makala ya mwaka 2011, na alilitoa kama pendekezo la kufanyiwa utafiti. Tangu hapo maabara zimevutana. Watafiti wa Sydney walichapisha mwaka 2019 kwamba terpini walizozijaribu hazikubadilisha namna THC inavyogusa CB1 wala CB2. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Arizona waliwapa panya terpini pamoja na dawa inayofanya kazi kama THC, na maumivu yakapungua zaidi.

Kwa binadamu, jaribio tunalopenda kulitaja ni la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lililochapishwa mwaka 2024. Watu wazima wenye afya walivuta mvuke wa THC miligramu 30, mara nyingine peke yake, mara nyingine pamoja na limonini miligramu 15. Walipochanganyiwa, wasiwasi na hofu vilipungua. Habari njema hiyo, lakini hebu tupige hesabu. Ili upate THC miligramu 30 unahitaji miligramu 150 za ua lenye asilimia 20. Kama ua hilo lina limonini nusu asilimia, unapata chini ya miligramu moja. Kwa hiyo muuzaji akikuhakikishia kwamba ua fulani litakuondolea wasiwasi kwa sababu linanukia ndimu, usimwamini upesi. Hata akiwa ni kijana wetu wa kaunta.

Imani nyingine inayotupa kazi ni kwamba CBD hupoza makali ya THC. Kuna wateja wanaokula biskuti ya THC kisha wanaongeza mafuta mengi ya CBD ili wasizidiwe. Mwaka 2023, hapohapo Johns Hopkins, watu walilishwa keki yenye THC miligramu 20 na CBD miligramu 640. THC kwenye damu ikapanda na wakalewa zaidi kuliko walipokula THC peke yake, kwa kuwa CBD nyingi huzuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja THC. Vimeng'enya hivyohivyo hushughulikia dawa nyingi za hospitali. Ukitumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au klobazamu ya kifafa, hatukuuzii CBD mpaka daktari wako ajue.

Majina ya mbegu na maneno indika na sativa, ambayo wauzaji hutumia kugawa bangi makundi mawili, tumeyapeleka nyuma ya lebo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walionyesha mwaka 2021 kwamba maneno hayo yanalingana na terpini chache tu, na hayasemi mengi kuhusu nasaba ya mmea. Mbele tunabandika cheti cha maabara. Anza kusoma uwiano wa THC na CBD, kwa sababu huo ndio wenye uzito. Kisha angalia terpini tatu za juu, halafu tarehe ya kipimo. Terpini huruka hewani, na chupa iliyokaa miezi kwenye joto haina tena kilichoandikwa. Kwa vitu vilivyookwa usijisumbue nazo sana, maana nyingi zilibaki kwenye oveni.

Chupa ikikufaa, weka lebo yake. Andika kiasi ulichotumia, saa, na ulivyojisikia. Mara nyingine utakaponunua tutatafuta inayofanana na hiyo kwenye cheti, na daftari lako litatusaidia kuliko maelezo yetu yote hapo juu.

Wapo tunaowarudisha mlangoni: wajawazito, na wenye historia ya ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo, wao au ndugu zao wa damu. Na wewe ambaye hujapata uraia, tafadhali usipite haraka hapa. Maine iliruhusu bangi ya tiba kwa kura ya wananchi mwaka 1999, lakini uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, si ya jimbo. Mwongozo wa idara ya uraia wa mwaka 2019 ulisema wazi kwamba kutumia bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukukosesha uraia. Kazi kwenye duka kama letu pia imo. Zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, kabla hujanunua wala kutuomba ajira.