Barua ya kufunga shule: mvua nje, watoto ndani

Wazazi wetu wapendwa wa chekechea,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote poleni na majukumu. Naandika hii mvua inapiga bati la ofisi mpaka sijisikii mwenyewe, kwa hiyo mkiona nimerukaruka mnivumilie.

Ya haraka kwanza. Tunafunga Ijumaa hii saa sita mchana, ripoti mtapewa mkononi na mwalimu wa darasa, mlinzi hana ripoti ya mtu. Msimtume boda peke yake kuja kumchukua mtoto, hilo tulishaongea kwenye kikao na sitaki kulirudia. Ada muoneni mhasibu.

Sasa la kwangu. Wiki hii nimepigiwa simu na wazazi wengi kidogo wakiulizia pakeji ya likizo, yaani zile karatasi za kazi za kufanyia nyumbani, na mmoja kaniambia kabisa, mwalimu wekeni kazi nyingi akae bize, maana mvua hizi atatumaliza humu ndani. Namuelewa, kwa kweli namuelewa, nyumba ya vyumba viwili na watoto watatu na nguo hazikauki ni mtihani. Ila safari hii nimekataa. Priyuniti, wale wakubwa wetu, watapewa karatasi tatu tu, Mido, wa kati, moja ya kuchora, na Bebi, wadogo kabisa, hawapewi kitu. Mtoto wa miaka mitatu ukimkalisha na penseli saa nzima aandike a a a ukurasa mzima, hajifunzi kuandika, anajifunza kuchukia daftari, kwa sababu vidole vyenyewe bado laini. Vidole vinataka nguvu kwanza. Vinataka kukanda, kufinyanga, kukamua soksi, kumenya maganda ya ndizi, kufunga na kufungua vifuniko vya makopo. Hiyo ndiyo pakeji yangu na vyote mnavyo nyumbani.

Halafu hii likizo ina hali ya hewa mbili. Inaanza na mkia wa masika, na huko Juni na Julai tunaingia kipupwe, kile kibaridi cha asubuhi na upepo wa kusi ambao watu wa Dar tunavaa masweta kana kwamba tupo Makete. Wenzetu wa nchi za baridi kali wamezoea hali ya hewa mbaya. Sisi tumezoea kumwambia mtoto toka nje kacheze, ndiyo maana mvua ya siku tatu tu inatuchanganya na suluhisho linakuwa tivii na simu ya mama.

Kuhusu hiyo tivii sitawahubiria sana maana na mimi wajukuu wangu wanaangalia katuni. Ila Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto chini ya miaka 5: wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Na wa miaka 3 na 4 wanatakiwa wapate dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhema kweli kweli. Piga hesabu mtoto aliyeamka saa moja akakaa kwenye sofa mpaka saa saba, hizo dakika atazitoa wapi? Jibu ni saa tatu usiku, wewe umechoka yeye ndo anaruka kitandani.

Niwaambie kilichotokea hapa shuleni mwezi wa nne, ile siku Jangwani ilijaa maji mabasi ya mwendokasi yakasimama na wengi wenu mkafika kuchukua watoto jioni kabisa. Mvua ilianza kama saa nne, uwanja ukawa bwawa, bembea zinaning'inia juu ya maji, umeme ukakatika, na darasa la Bebi likaanza kuvuja pale kwenye kona (limeshazibwa). Tukawaweka wote darasa moja, na mimi nikasema leo tumekwisha. Mwalimu wa Mido akatoa kanga yake ya njano kwenye mkoba, akaongeza tatu za stoo, akazifunga kwenye viti, ikawa nyumba. Dakika mbili baadaye siyo nyumba tena, ni daladala. Viti vikapangwa mistari, konda kasimama mlangoni anapiga ubao, "Kariakoo Kariakoo, sogea nyuma nafasi ipo!" Abiria mmoja wa Bebi kagoma kulipa, kasema yeye mwanafunzi. Konda kamwangalia, kafikiri, akamwambia mwanafunzi unalipa karatasi moja, mama ndo analipa mbili. Akarudisha na chenji, na chenji ilikuwa sahihi! Huyo konda ndiye yule ambaye kwenye daftari kujumlisha kunamliza. Nilikaa pale nikaona mwezi mzima wa kufundisha hesabu umefanyika ndani ya kanga nne.

Basi fanyeni hivyo hivyo. Kanga, viti, boksi la friji kama jirani kanunua jipya. Msimpangie mchezo, akisema ni meli ni meli.

Udongo wa kuchezea msinunue. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta ya kula vijiko viwili, maji unaongeza kidogo kidogo mpaka ushikane kama wa chapati lakini usinate mkononi. Ukitaka rangi tia binzari manjano. Mtoto akande mwenyewe, hapo kwenye kukanda ndipo penye faida, mama usimmalizie. Utaona anavyosukuma kwa kiganja, ulimi nje, mabega yote yanafanya kazi. Ukimaliza weka kwenye kopo lenye mfuniko, unakaa siku kadhaa. Asiule tu, ile chumvi ni nyingi kwa mtoto mdogo.

Treyi la mayai tupu msitupe. Lina mashimo 30, sita kwa matano, na mtoto akiweka kifuniko cha soda kimoja kimoja kwenye kila shimo anahesabu bila kuambiwa hesabu. Wakubwa kidogo wafundisheni kugawa kete kama bao, siyo bao lenyewe la kete 64 ambalo hata babu zao wanagombana, ile tu ya kuchukua na kusambaza. Mdako pia wa kokoto unachezeka sebuleni.

Nimesema vifuniko vya soda, sikusema maharage, na nina sababu. Mwaka juzi mjukuu wangu, na mimi mwalimu wa chekechea miaka yote hii nimekaa pale pale, aliingiza choroko puani. Nilikuwa nimempa sahani achambue nikajisifu moyoni, bibi hodari. Hakusema kitu mpaka usiku alipoanza kukoroma upande mmoja, na kwa vile choroko ikilowa inavimba, tulikesha hospitali na mvua ile ile. Kwa hiyo punje ndogo ndogo, karanga, shanga, betri za rimoti, kwa aliye chini ya miaka mitatu hapana, na kwa aliyezidi uwe umekaa naye, siyo uko jikoni unamwita akuitike. Na akishaingiza usichokoe na pini, mpeleke.

Mengine ya usalama nayapitia tu maana mnayajua. Jiko la mkaa msiingize ndani kwa ajili ya baridi au kukausha nguo madirisha yakiwa yamefungwa, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Ndoo za maji ya mvua zifunikwe, mtoto mdogo anazama kwenye ndoo, na zikikaa wazi zinazaa mbu wa dengue ambao wanauma mchana.

Kazi za nyumbani jamani, kazi za kweli. Mtoto wa miaka minne anaweza kutafutia soksi wenzake, kupanga viatu mlangoni kwa ukubwa, kukunja taulo, kupanga sahani na kutwambia leo tunakula watu wangapi. Itachukua muda mara tatu na ataikunja kama chapati iliyoanguka, usiikunjue mbele yake.

Na wakimbie humo humo ndani. Mnakumbuka mipira yetu ya mifuko ya nailoni? Mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini soksi kuukuu zikifungwa vizuri unapata mpira hauvunji kioo. Chora mistari ya chaki kwenye koridoo aruke kama chura kwenda na kurudi, ndo dakika 60 zenyewe hizo, zinapungua kumi kumi.

Umeme ukikatika usitafute pawabenki kwanza. Paukwa, pakawa. Kitendawili, tega. Nyumba yangu haina mlango? Watabishana wee kabla ya kusema yai, na atakayepata atakutegea vitendawili alivyovitunga mwenyewe visivyo na jibu, we mpe mji tu.

Ombi moja kwa wenye dada wa kazi. Hii barua msomeeni na yeye, kwa sababu mnatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni na mnarudi usiku, anayekaa na mtoto kutwa ni yeye. Akiambiwa nyumba iwe safi muda wote, atawasha tivii, na mimi ningewasha. Mwambieni unga ukimwagika hatagombezwa. Na mpeni nusu saa apumzike mkifika.

Tukifungua Julai kila mtoto aje na treyi moja la mayai tupu, tutakuwa na kazi nayo. Na ile kanga ya njano ya mwalimu wa Mido iliondoka na mtoto siku ile ya mvua, nadhani alifunikwa nayo akipelekwa kwenye gari. Hatudai kwa ubaya, ila watoto wanaiulizia kila asubuhi, wanasema daladala haina turubai.

Wenu,
Mwalimu Mkuu