Daladala zipewe njia yake stendi ya Kange

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie msongamano wa magari kwenye mlango wa stendi ya mabasi ya Kange, hapa Tanga. Wazee wetu walikwenda stesheni ya reli kwa miguu, maana iko katikati ya mji, mpakani na Ngamiani. Kange iko nje ya mji. Bila daladala hufiki.

Jumamosi iliyopita basi letu liliingia jioni. Bajaji na bodaboda zilikuwa zimeziba njia, madereva wakigombea mizigo hata kabla hatujashuka. Daladala ya mjini ilisimama mbali, barabarani kabisa. Mama mmoja mwenye tenga la machungwa alipita katikati ya magari akiwa na mtoto mgongoni. Mimi nilishindwa, nikapanda bajaji. Bei yake naiona aibu kuitaja.

Siwalaumu madereva, nao wanatafuta riziki. Naiomba Halmashauri ya Jiji itenge njia ya daladala pekee hadi wanaposhukia abiria, bajaji zipange foleni upande wa pili, na awepo askari wa usalama barabarani asubuhi na jioni.

Msafiri,
Chumbageni, Tanga