Mwache Binti Apumue

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Musoma, na mama umfikishie shikamoo yangu. Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma nimesimama mlangoni hata mkoba sijautua. Huku sote wazima. Mvua zimeanza, dagaa hawakauki vizuri, na pale soko la samaki la Mwaloni kila mtu anatazama mawingu. Mengine ni yale yale, kwa hiyo niruhusu niingie kwenye lile la binti yako wa mpira wa meza, maana limenigusa.

Umeniandikia kwamba kila akipiga mpira wa nguvu hutoa sauti, "hesh!", na mwalimu mwenzako anakutaka umkataze, eti msichana haguni mbele za watu. Nakuomba sana, usimkataze.

Unakumbuka nilivyokuwa nikicheza tulipokuwa shule? Nilikuwa nabana pumzi, na wala sikujua kwamba naibana. Mpira ukianza tu mdomo nafunga, mabega yanapanda hadi masikioni, pointi ikiisha ndipo navuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani. Seti ya kwanza nashinda, ya pili tunavutana, ya tatu mkono umekuwa gogo. Nikadhani ni upungufu wa mazoezi. Nikawa nakimbia kila alfajiri hadi Pasiansi na kurudi, na seti ya tatu bado ikawa ile ile.

Aliyenifungua macho ni mama, ambaye hajawahi kushika raketi maishani mwake. Nilikwenda kumsalimia Ukerewe, tukawa tunatwanga udaga, ule muhogo mkavu, kwa kupokezana. Mimi nilichoka mapema, kifua kinawaka. Yeye, na umri ule, anaendelea tu. Akaniambia, "Toa hewa mchi ukishuka, mwanangu. Unajibana ya nini?" Nikaacha kutwanga nikamtazama. Mchi ukipanda, tumbo lake linalegea chini ya kanga. Mchi ukigonga kinu, tumbo linakaza ghafla na hewa inapenya katikati ya meno: "hss." Fupi, na haipitwi na mchi hata kidogo. Nikajaribu nami. Siku ile nilimaliza kinu changu bila kupumzika.

Niliporudi nikaanza kuisikia sauti ile kila mahali. Wapagazi wa Mwaloni wanapojitwisha magunia, "heh!" Mtu anayepasua kuni, vivyo hivyo. Hakuna aliyewafundisha.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukitoa hewa kwa nguvu, misuli ya tumbo inakaza na kuushika uti wa mgongo, kwa hiyo nguvu inayotoka miguuni na nyongani inapanda hadi mkononi bila kupotelea njiani. Wakati huohuo shingo na mabega vinalegea. Kwenye tenisi ya uwanjani, utafiti uliotolewa mwaka 2014 uliwapima wachezaji wa vyuo, ikaonekana wakiguna mpira unakwenda kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 5 kuliko wakinyamaza. Sisi mpira wetu una gramu 2.7 tu, hauhitaji ubavu wa namna hiyo. Kwa maoni yangu faida yetu kubwa iko kwenye ule ulegevu wa bega na kwenye kupata wakati sahihi wa kupiga. Aliyebana pumzi huwahi au huchelewa, na mpira wa kuzungushwa haukusamehe kwa hilo.

Kuna msichana mmoja nitakukumbusha, Monica Seles. Mwaka 1992 alikuwa na miaka 18, anaongoza duniani kwa tenisi ya wanawake, na alijulikana kwa kuguna. Kwenye nusu fainali ya Wimbledon, Martina Navratilova akamlalamikia. Fainali Seles akaingia amenyamaza, Steffi Graf akamfunga 6-2, 6-1. Graf alikuwa hodari sana, sisemi ni ukimya peke yake uliomwangusha Seles. Lakini fikiria kuingia fainali huku nusu ya akili inalinda mdomo. Hicho ndicho mwalimu mwenzako anataka kumfanyia huyu mtoto.

Sasa upande wa pili, maana nisipokwambia nitakuwa nimekupotosha.

Mwaka juzi nilicheza mashindano madogo kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini. Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa sababu ya upepo wa ziwani, na unajua ukumbi uliofungwa unavyorudisha sauti. Nilikuwa nimeshajifunza kutoa hewa, nikaona inanisaidia, nikazidisha. Seti ya nne mpinzani wangu akanyoosha mkono, akamwambia mwamuzi kwamba hasikii mpira. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akanionya. Nilikasirika, mwenzangu. Niliona naonewa, na seti ile nikaipoteza.

Jioni mtoto wa dada akanionyesha video aliyoichukua kwa simu. Nikaisikiliza na kuirudia. Raketi inagusa mpira, na sauti yangu ndiyo kwanza inaanza. Inaendelea, inaendelea, mpira umeshavuka wavu, umegonga upande wa pili, mimi bado. Ile haikuwa pumzi tena. Zilikuwa kelele, na yule mpinzani wangu alikuwa na haki ya kulalamika.

Maana masikio nayo yanacheza. Mpira ukipigwa bapa unalia "tak". Ukipakwa kwa kuzungushwa unakwangua tu, sauti yake ndogo, na mpokeaji anajua ajiandae vipi kabla haujamfikia. Meza yenyewe ni mita 2.74, hakuna muda wa kufikiri. Ndiyo maana mwaka 1952 huko Bombay, Mjapani Hiroji Satoh aliposhuka na raketi yenye sponji nene, ambayo haikutoa ule mlio waliouzoea wenzake, aliwavuruga mabingwa wakubwa na akatwaa ubingwa wa dunia. Sponji ilikuwa na kasi yake na mzunguko wake wa ajabu, ni kweli, lakini ukimya ule nao uliwaumiza. Na mwaka 2010 watafiti waliwaonyesha watu video za mipigo ya tenisi: kelele zikiwekwa juu ya mpigo, watazamaji walichelewa kutambua mpira unaelekea upande gani, tena walikosea zaidi.

Kwa hiyo msikilize binti yako, tena umrekodi. Sauti ikikatika raketi inapogusa mpira, hiyo ni pumzi yake, mwache nayo. Ikiwa inaufuata mpira hadi ng'ambo, mfupishe taratibu, lakini usimwambie "nyamaza". Mwambie apulize. Mwanzoni acheze bila mpira, apitishe mkono na kupuliza "fuu" kama anayewasha makaa, kisha umtilie mipira kumi kumi. Ile mipira midogo ya karibu na wavu haihitaji kitu, apumue kawaida tu. Mipira ikija harakaharaka asijilazimishe kupuliza kwa kila mmoja, autunzie ule mkubwa. Kabla ya kuanzisha mpira, atoe hewa yote polepole. Na kila pointi 6 zinapotimia, ana ruhusa ya kujifuta kwa taulo: nafasi hiyo asiichezee, ashushe mabega, apumue kwa tumbo. Mimi seti yangu ya tatu ilipona hapohapo.

Akitaka kupiga ukelele baada ya pointi kuisha, kama afanyavyo Tomokazu Harimoto wa Japani, hilo ni jambo jingine. Mpira umeshakufa, hamzibi mtu sikio. Ila asimkodolee mpinzani macho.

Huyo mwalimu mwambie kwa heshima zote: mama zetu wameguna kwenye vinu mbele ya wakwe zao miaka yote, na hakuna aliyewaona hawana adabu.

Shule zikifunga, mlete. Mkishuka stendi ya Nyamhongolo nipigie, nitakuja kuwachukua. Ukumbini nimeshaomba Jumanne na Ijumaa jioni. Aje na raketi yake, ya kwangu imebanduka sponji upande mmoja, na nataka nimsikie mwenyewe nikiwa ng'ambo ya meza.

Ni mimi mwenzako,
wa dawati lile la nyuma