Jua la Newala lianze na pampu za maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji, ambayo kwa sisi wakazi wa Uwanda wa Makonde ni shida ya kila siku, pamoja na jua, ambalo lingeweza kuyapandisha hadi kwetu kwa gharama nafuu. Hoja yangu ni moja: ikiwa fedha za umma zitawekezwa katika umeme wa jua mkoani Mtwara, zianze na pampu za maji za vijijini, kabla ya taa za barabarani na kabla ya mapaa ya ofisi.

Asiyeijua Newala wala Tandahimba huenda akashangaa kusikia kwamba mvua inanyesha na bado maji ni haba. Sisi tunaishi juu, maji yapo chini. Udongo wa uwanda wetu huinywa mvua mara tu inaponyesha, na chemchemi hutokea mbali, mabondeni. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950, enzi za ukoloni, ulijengwa mradi wa kusukuma maji kuyapandisha uwandani, na hadi leo maji ya Makonde yanategemea pampu. Kila ndoo inayojazwa kwenye kilula imekwisha kulipiwa nishati kabla ya kulipiwa kitu kingine chochote. Na pampu zinaposimama, kina mama na mabinti wanaoshuka mabondeni alfajiri huilipa nishati hiyo kwa miguu na shingo zao.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, hivyo naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu mjadala wa sola huku kwetu umekuwa wa maneno mengi na tarakimu chache. Kuipandisha mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, hadi kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za umeme, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Kwa kuwa pampu na mabomba hupoteza sehemu kubwa ya nishati, tuseme nusu, hesabu inafika karibu uniti 0.55. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400 kutoka anapoishi. Kijiji cha watu 4,000 kinahitaji basi mita za ujazo 100 kwa siku, na kama maji yake yapo mita 150 chini, pampu itatumia uniti 80 hivi kila siku. Paneli za kilowati 1, kwa makadirio ya tahadhari, hutoa huku kwetu uniti 4 kwa siku. Zinahitajika basi paneli za kilowati 20. Paneli za siku hizi hutoa takriban wati 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ukizipanga zote zitajaza mita za mraba 100, eneo dogo kuliko uwanja wa mpira wa wavu.

Lakini sababu kubwa ya kuanza na pampu ni kwamba pampu haihitaji betri. Mitambo mingi ya jua iliyofungwa kwenye majengo ya umma haikufa kwa sababu ya paneli, ambazo huweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Ilikufa kwa sababu betri zilichoka baada ya miaka michache na hapakuwa na fungu la kununulia nyingine. Pampu hufanya kazi jua likiwapo, maji hupanda hadi kwenye tangi, na usiku watu huchota kile kilichopandishwa mchana. Tangi la zege halichoki kama betri, na fundi wa kuliziba likivuja yupo hapa hapa kijijini.

Majira nayo yanatusaidia. Mvua zetu huanza mwezi Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mawingu hupunguza umeme, lakini ndiyo miezi ambayo watu wanakinga maji ya mapaa. Shida hukolea kuanzia Agosti, na mwezi Oktoba, kaya nyingi zikiwa kwenye mavuno ya korosho, visima vifupi huwa vimekauka. Ni katika mwezi huo huo, karibu na tarehe 20, ambapo jua la saa sita linatupita utosini kabisa. Haja ya maji na nguvu ya jua vinafika kileleni pamoja.

Wenzetu wa kaskazini ya mbali hawana bahati hiyo. Fort Chipewyan, mji mdogo wa kaskazini mwa Alberta nchini Kanada, uko karibu nyuzi 59 kaskazini mwa ikweta, na mwezi Desemba jua lake la adhuhuri hupanda nyuzi 8 tu juu ya upeo wa macho. Kwetu, hata siku ya Juni ambayo jua liko chini kuliko zote, hufika nyuzi 56. Majira ya baridi, wanapohitaji nishati zaidi, ndipo jua lao linapokaribia kutoweka. Hata hivyo mwaka 2020 walikamilisha shamba la paneli la zaidi ya megawati 2, linalotarajiwa kuokoa lita 800,000 za dizeli kwa mwaka, mafuta ambayo yalipaswa kupelekwa kwa boti au kwa barabara ya barafu. Shamba hilo linamilikiwa na kampuni ya jamii tatu za wenyeji wa hapo, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko megawati zenyewe.

Wapo watakaouliza mkoa wenye gesi unatafuta nini kwenye jua. Gesi ya Songo Songo, katika mkoa jirani wa Lindi, iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, mwaka 1982, na bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Gesi ina kazi zake kubwa, na nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zimefika karibu kila kijiji. Sipendekezi kuzing'oa. Pampu kubwa zinazohudumia miji zitaendelea kuhitaji gridi, kwa sababu kupandisha maelfu ya mita za ujazo kwa siku kwa jua peke yake kunadai mashamba makubwa ya paneli. Ila mradi wa kijiji unaolipa umeme kutokana na senti za ndoo unaweza kutumia jua mchana na kubakiza gridi kwa dharura.

Mafundi wazingatie mambo machache. Vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huagiza paneli zitazame kusini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo zitazame kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Kwenye mashamba ya mikorosho zisafishwe mara kwa mara msimu wa kupulizia salfa, maana unga ule hutua kila mahali. Na mlinzi awe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuhusu umiliki, hatuhitaji kubuni kitu kipya. Sheria ya maji ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, inatambua vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo vimiliki paneli, na akiba ya kubadilishia pampu na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, itengwe kutoka katika mauzo ya maji kila mwezi, kwenye akaunti ambayo mkutano mkuu wa kijiji unasomewa. Vyama vyetu vya msingi vya korosho vimezoea makato ya kila kilo, na wakulima hawatakataa kuchangia kitu wanachokiona kinatoa maji.

Naziomba halmashauri za Newala, Tandahimba na Nanyamba, kabla ya bajeti ijayo, zibandike kwenye mbao za matangazo za kila kata taarifa ya kila kisima chenye pampu: maji yapo kina gani, yanapandishwa mita ngapi, lita ngapi kwa siku, na umeme au dizeli inagharimu shilingi ngapi kwa mwezi. Kwa tarakimu hizo nne, mwananchi yeyote ataweza kufanya hesabu niliyoifanya hapa na kujua kijiji kipi kianze.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara