Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na michango atayasoma mweka hazina. Hesabu zimekaguliwa, ziko sawa. Misiba tumezikana, harusi tumechezeana. Muda wangu wote naomba niutumie kwa semina ya afya tuliyofanya mwezi Machi hapa Massachusetts.

Tulianza na habari za majirani zetu, Framingham. Mwishoni mwa 1916, kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilitoa dola 100,000 ili mji ule wa viwanda ujaribiwe: je, kifua kikuu kinaweza kudhibitiwa? Daktari Donald Armstrong akapewa kazi hiyo. Dawa hakuna; ile ya kwanza ya kukitibu, streptomaisini, ilikuja miaka ya 1940. Alichokuwa nacho ni kuwatafuta wagonjwa kabla hawajaanguka. Watu waliojiona wazima waliitwa wapimwe vifua, watoto wakachunguzwa, wauguzi wakapita majumbani. Wakabaini kwamba kwa kila mmoja anayekufa kwa TB kwa mwaka, wapo kama tisa wanaougua. Vifo vilivyokuwa kama 121 kwa kila watu 100,000 vilifika 38 hivi mwaka 1923. Miji ya kulinganishia nayo ilipungukiwa vifo, lakini haikuifikia Framingham.

Hapo dada yetu mmoja, anayehudumia wazee, akaomba kusema. Alipoanza kazi alichomwa kile kipimo cha ngozi cha kifua kikuu mkononi. Siku ya pili pakavimba, pagumu, pekundu, upana wa kifungo cha koti. Alivaa mikono mirefu wiki nzima katika joto la Julai, shangazi yake asipaone. Picha ya kifua ikatoka safi, bado akaogopa kuulizwa. Akatuonyesha kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyochanjwa utotoni karibu sote. Muuguzi aliyekuwepo akatueleza kwamba chanjo hiyo yaweza kuuvimbisha mkono hata kama huna vijidudu, na kwamba kipimo cha damu hakichanganywi nayo.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha watatu wengine wakakunja mikono ya nguo. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Kipimo cha damu kilionyesha kwamba mimi ninavyo vijidudu, ila vimelala. Sikohoi, simwambukizi mtu. Nilimeza vidonge miezi minne, na muda wote huo nikiwaongoza sikumwambia hata katibu wangu. Naona vibaya, kwa sababu kuna wenzetu waliokataa vidonge hivyo hivyo wakidhani wako peke yao. Framingham walifungua milango kwa wageni waje kuwapima; sisi tunafichana hata jikoni.

Kwa hiyo halmashauri inaomba sehemu ya mfuko wa dharura iwalipie kipimo cha damu wanachama wasio na bima, pamoja na nauli ya kwenda kliniki. Tunahitaji pia watu wawili wa kuwasindikiza wasiojua Kiingereza vizuri. Azimio liko ukurasa wa pili. Tulipigie kura kabla ya chakula.