Damu haiuzwi, basi tuelezwe risiti ni ya nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila inapokaribia Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, matangazo hutuambia kwamba kutoa damu hakudhuru na kwamba sindano ni mpya. Sawa. Lakini watu ninaowashawishi waje kwenye zoezi la kuchangia damu mtaani kwetu, wengi wao hawaogopi sindano. Wananijibu: "Nitoe bure, halafu wakauze?"

Maneno hayo yana chanzo. Ndugu wa mgonjwa anaambiwa alete watu wawili wa kuchangia. Anahangaika kuwapata, kisha dirishani anapewa bili. Hakuna anayemweleza kama pesa ile ni ya kipimo cha kuoanisha damu na ya mgonjwa, ya vifaa au ya kitanda. Anachojua yeye ni kwamba katoa damu na katoa hela. Sera ya serikali ni kwamba damu haiuzwi. Basi risiti iandikwe kinachotozwa, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ukimya ndio unaowalisha vishoka, wale vijana wa getini wanaolipwa ili wajifanye shemeji wa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo atajibu "hapana" kila swali la kwenye fomu, hata kama juzi alikuwa anaumwa, maana akikataliwa hapati chake. Si bure kwamba tangu 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zitegemee wanaotoa damu kwa hiari, bila malipo. Kule Sweden mchangiaji hutumiwa ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Sisi tunaopokea ujumbe wa bando na bahati nasibu kutwa nzima tunashindwaje kutumiana huo?

Lipo jingine ambalo kwa macho yangu linapoteza damu nyingi zaidi, nalo ni la makundi. Nimeshuhudia ukoo ukirudi nyumbani kwa sababu mgonjwa ni kundi O na wao ni A na B. Hakuna aliyewafukuza, wamejifukuza wenyewe. Damu unayotoa leo kwa kawaida siyo atakayoongezewa mgonjwa wako leo. Lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, ndipo iingie kwenye akiba. Mgonjwa wako anapewa iliyokwisha kupimwa, ya mtu usiyemjua, na yako inajaza pengo lililoachwa. Kwa hiyo shemeji wa kundi A anaweza kabisa kuchangia kwa ajili ya mgonjwa wa kundi O. Muuguzi akilisema hilo pale wodini anapoomba watu wawili, nusu ya kazi yetu imekwisha.

Ya mwilini nayapitia haraka. Eti ukianza kutoa huwezi kuacha, damu itakujaa mpaka uugue. Figo ndizo zinazouarifu uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu, na kiwango kikirudi zinapunguza taarifa hiyo. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume huambiwa asubiri miezi mitatu na mwanamke minne. Hadithi kwamba kutoa damu hupunguza nguvu za kiume sitaipotezea wino.

Wala unene si kipimo cha damu. Pale mezani unatobolewa kidole, na tone linadondoshwa kwenye maji ya bluu ya mrututu. Likizama, damu inatosha. Likielea, unarudishwa ukale matembele na maini kwanza. Nimeona baunsa wa baa akirudishwa, na binti mwembamba wa kilo 52 akijaza mfuko wake wa mililita 450, akanywa soda akaenda zake kazini.

Wapo pia wanaokuja kuchangia ili wapime virusi vya UKIMWI kimyakimya. Hao nawasihi waende kituo cha ushauri nasaha na upimaji. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo kwa siku kadhaa, hata wiki, na wakati huo mfuko utaonekana safi wakati sio.

Mwisho, kuhusu kalenda. Benki zetu za damu huwategemea mno wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hupungua. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita tu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano. Maana yake damu ya Juni haiwezi kumsaidia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua mwezi Desemba, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Fulana na maandamano ya Juni yana raha yake, sikatai. Ila naomba wahusika walete timu na Desemba pia, na waipeleke stendi ya mabasi, sokoni, na kwenye misikiti na makanisa, ambako watu wazima wenye kilo 50 na zaidi wapo mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mchangiaji damu,
Morogoro