Diski mbili za kuhifadhi rekodi za TV: soma kabla hujatoa hela

Siku hizi wateja wanaofika dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hawaulizi diski moja ya nje, wanataka mbili. Wana mechi za ligi, ibada za Jumapili, kwaya, kipindi ambacho mtoto wao alihojiwa, na wamesikia kwamba diski mbili zikifungwa pamoja ndani ya kasha moja ziwe pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo na kwenye mwenzake. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Ni kweli kabisa. Ila sisi tutakuuliza kwanza swali ambalo wengi hawalitegemei: ulirekodi kwa kifaa gani?

Rekodi iliyofanywa kwa kisimbuzi cha kulipia, au kwa TV yenyewe kupitia tundu la USB, mara nyingi hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya kifaa hichohicho. Faili utaliona, utalikopi, utaliweka hata kwenye diski kumi, lakini nje ya kifaa kile halifunguki. Kisimbuzi kikipigwa na radi, rekodi zote zimekwenda nacho hata kama diski ni nzima. Mteja wa namna hii tukimuuzia diski pacha tutakuwa tumekula hela yake bure. Na kazi ya kuvunja kufuli hizo hatufanyi, tusisumbuane.

Vifaa hivyo vina jambo jingine la kuangalia. Vingi huifomati diski kwa mfumo ambao Windows haiusomi. Ukiichomeka kwenye laptopu, kinatokea kisanduku kinachodai kwamba diski ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Kidole kinakwenda chenyewe kwenye kukubali, na rekodi za miaka zinapotea kwa mbofyo mmoja. Diski haina ubovu wowote, ni kwamba kompyuta haielewi lugha yake. Ghairi, ichomoe, irudishe kwenye TV.

Visimbuzi vingi vya chaneli za bure havina kufuli. Vinaandika mafaili ya kawaida, mengi jina lake linaishia na .ts, na programu ya bure ya VLC inayacheza bila shida. Njia ya kujua ni rahisi: kopi rekodi moja fupi kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta. Ikicheza, yanayofuata yanakuhusu. Ukikuta mechi moja imekatwa vipande viwili au vitatu usishangae, diski yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la zaidi ya GB 4.

Ukubwa nao upige hesabu. Chaneli ya HD inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo mechi pamoja na mapumziko ni GB 7 na kitu. Diski ya TB 1 inabeba mechi kama 130 hivi. Kompyuta itakuonyesha GB 931, na hapo hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Kinachowaudhi watu zaidi ni hiki: diski pacha mbili za TB 4 zinakupa nafasi ya TB 4, si 8. Nusu nzima umeinunua kwa ajili ya siku ya msiba.

Utaratibu wenyewe wa diski pacha, unaoandikwa RAID 1 kwenye makasha ya dukani, ulipewa jina hilo na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Kazi yake ni moja tu, kukukinga diski inapokufa. Kwa yaliyobaki, pacha hana akili ya kukataa. Kuna mama alitushukia kutoka Tukuyu na kasha lake ndani ya kapu, taa zote mbili zinawaka buluu, kasha zima kabisa, folda la kwaya halipo. Mjukuu alilifuta apate nafasi ya katuni.

“Fundi, si niliambiwa zipo mbili?”

“Zipo mbili mama, na zote zimemtii mjukuu.”

Tuliokoa kiasi. Zilizokwisha kufunikwa na katuni hazikurudi.

Ndiyo maana kwa mtu wa nyumbani anayerekodi mara moja moja, ushauri wetu ni kwamba kasha la diski pacha aliache. Nunua diski mbili za mfukoni, kila moja ijitegemee. Moja unaitumia, ya pili unaikopia kila mwisho wa wiki kwa programu ya bure kama FreeFileSync, ukiiweka iongeze vipya bila kufuta vilivyotangulia. Kisha hiyo ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Ipeleke kwa dada yako Uyole, kwa mkwe, popote. Mwizi akiingia nyumbani kwako mtaa wa Soweto habebi na ya Uyole. Tunapata faida ndogo hapo kuliko kwenye kasha, lakini mteja harudi akilia.

Kasha tunampendekezea anayerekodi kila siku na hawezi kusimama: kanisa lenye kipindi, studio ya video, ofisi inayohifadhi taarifa za habari. Chagua lenye adapta yake ya umeme. Usijaribu kubana gharama kwa kuchomeka diski mbili za mfukoni kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Tundu la USB 3.0 linatoa miliampia 900, na diski mbili zikianza kuzunguka kwa pamoja zinaweza kuishiwa nguvu. Utazisikia zikigonga tak, tak, tak, halafu zinapotea kwenye skrini. Mlio huo ukiusikia hata kwenye diski moja yenye umeme wa kutosha, zima hapohapo, usiendelee kuijaribu.

Kwenye kasha jipya angalia swichi ya nyuma au programu yake kabla hujaweka hata faili moja. Baadhi yanatoka kiwandani yakiwa yamepangwa kuunganisha diski zote mbili ziwe nafasi moja kubwa, na hapo moja ikifa umepoteza vyote. Ukija kubadilisha baadaye, vilivyomo vinafutika. Diski zenyewe sisi hupenda kuzichanganya, zisitoke katoni moja, maana zilizotengenezwa siku moja zinaweza kuwa na kasoro moja.

Diski moja ikifa, taa yake itabadilika rangi au kasha litapiga mlio. Hapo bado unatazama rekodi zako vizuri tu, na ndipo wengi wanapozembea, wanaiacha taa iwake hadi ya pili nayo inakata roho. Weka diski ya ukubwa uleule au zaidi, kasha linaijaza lenyewe kutoka kwenye ile iliyobaki. Kwa TB 4 tegemea saa 8 hadi 12, na umeme usikatike katikati, kwa hiyo UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, si anasa. Msimu wa mvua, hasa upande wa Rungwe, radi ikianza kunguruma chomoa ukutani. Na hata wenye kasha wanahitaji diski ya tatu ya kukopia, kwa sababu kasha lenyewe linaweza kufa, na mengine huandika kwa namna ambayo diski zake hazisomeki ukizitoa nje.

Watu huuliza kama mwinuko wa Mbeya unaumiza diski. Hapana, nyingi zimetengenezwa zifanye kazi hadi mita 3,000 hivi, na sisi tuko kwenye 1,700. Baridi ndiyo ya kuangalia, hasa ukishuka nayo kutoka Mbeya au Makete kwenda joto la Kyela: unyevu unaweza kufanya matone ya maji juu ya chuma. Iache saa nzima kwenye mfuko wake ndipo uichomeke.

Ukiona diski ya mfukoni imeandikwa TB 16 kwa bei ya flashi mbili, iache hapohapo. Ndani mara nyingi ni kadi ndogo iliyodanganyiwa ukubwa. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yanakuwa hayafunguki.

Ukija dukani, njoo na jina na namba ya kisimbuzi au TV yako (ipo kwenye kibandiko cha nyuma, piga picha kwa simu), na rekodi moja fupi kwenye flashi. Tutaijaribu mbele yako kabla hatujataja bei yoyote.